AMANA YA KATA NA TAMAA YA BUNGE

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), na ali zake na sahaba zake: suala la kurasa hizi ni moja, nalo huulizwa sana katika mabaraza kila inapokaribia miaka ya uchaguzi. Mtu aliyekabidhiwa amana ndogo, akaishika miaka mitano au kumi, je, yamfalia kuitaka kwa ulimi wake mwenyewe amana iliyo kubwa kuliko hiyo? Au kule kuitaka ndiko kunakomtoa katika jumla ya wanaostahili kupewa?

Maneno ya namna hii yakiachwa bila ya mahali huelea, na kila mtu huyavuta upande wake. Basi yatiwe mahali. Kihesa ni kata katika Manispaa ya Iringa, katika nchi ya Wahehe, mji wa baridi na wa vilima, yapata kilomita 500 kutoka Dar es Salaam. Barabara itokayo Iringa kwenda Dodoma hupita hapo, ikaendelea Nduli, ikashuka hata Mtera kwenye bwawa, kisha ikafika Dodoma liliko Bunge. Jumla yake yapata kilomita 260. Kwa hiyo diwani wa Kihesa atakapo kuwa mbunge hana haja ya kuulizia njia, kwa kuwa njia imepita mlangoni pake. Linaloulizwa ni mzigo atakaouchukua, na ule atakaouacha nyuma.

Msomaji wa pwani asidhani kuwa mfano huu ni wa watu wa mbali usiomgusa. Limechaguliwa jina la mahali pa bara makusudi, kwani mtu huliona upesi doa katika kanzu ya jirani, na akiisha kuliona huenda akaitazama na yake. Yasemwayo juu ya Kihesa yasemwa juu ya Tanga na Lindi, na Lamu na Mvita pia.

Kwa sharia za Tanzania Bara, wenye kupiga kura huchagua siku moja, kila baada ya miaka mitano, watu watatu: Rais, mbunge wa jimbo, na diwani wa kata. Diwani huingia katika baraza la halmashauri, na katika kata yake ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kazi yake ni ya mambo yanayoonekana kwa macho: mtaro uliozibwa na taka, darasa lisilo na sakafu, ushuru wa soko, kiwanja kimoja walichopewa watu wawili. Anayemlalamikia humjua kwa sura, na humkuta njiani. Mbunge kazi yake ni kutunga sharia, kuipitisha bajeti ya nchi nzima na kuisimamia Serikali. Diwani hupewa posho. Mbunge hulipwa mshahara, na mwisho wa muhula hupewa kiinua mgongo, kama kwamba alikuwa ameinama miaka yote mitano akipalilia. Tofauti hii haifichiki kwa yeyote. Asemaye kuwa tamaa haina sehemu yake katika safari ya kutoka kata kwenda Bunge, huyo hajapata kukaa na watu, au amekaa nao hali amefumba macho.

Na jina lenyewe la diwani lina jambo la kufunza. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), katika ukhalifa wake uliokuwa baina ya mwaka 13 na 23 Hijria, ndiye aliyeiweka diwani katika dola ya Kiislamu, nayo ilikuwa daftari: yameandikwa humo majina ya watu na kiasi cha haki ya kila mmoja katika mali ya umma. Washairi nao wakaliita diwani daftari la tungo za mtu mmoja. Kaluta Amri Abedi alipochapisha mashairi yake mwaka 1954 aliyaita Diwani ya Amri, na mwaka 1960 mtu huyo huyo akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa mji wa Dar es Salaam, kisha akaingia Bunge, na mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Basi neno moja likamfuata kwa maana mbili. (Yeye alikuwa katika jamaa ya Ahmadiyya, na masheikh wa pwani walipingana nao vikali katika dini, lakini huo ni mlango mwengine, nao haufunguliwi hapa.) Na huku Mrima, tangu zamani, diwani alikuwa mkubwa wa mji, mwenye heshima zake na ada zake. Hivyo neno limesafiri. Lilianza kuwa kitabu cha haki za watu, likawa mtu anayekishika kitabu, kisha likawa kiti anachokikalia mtu, na kitabu kikasahauliwa.

Ama juu ya kuomba uongozi, khabari zilizopokewa ni nzito. Mtume (S.A.W.) alimkataza Abdurrahman bin Samura asiombe utawala, akambainishia kuwa mwenye kupewa kwa kuomba huachiwa yeye na mzigo wake, na mwenye kupewa bila ya kuomba husaidiwa juu yake. Na Abu Musa al-Ash'ari amesimulia kuwa alikwenda kwa Mtume pamoja na watu wawili wa kabila lake, nao wakaomba wapewe kazi ya utawala, wakajibiwa kuwa kazi hiyo hapewi mwenye kuiomba wala mwenye kuipupia. Na Abu Dharr (R.A.), ambaye hapana aliyemtilia shaka katika ukweli wake, alipoomba aliambiwa kuwa yeye ni dhaifu, na kwamba jambo hili ni amana, na Siku ya Kiyama litakuwa hizaya na majuto illa kwa aliyelichukua kwa haki yake akatimiza yaliyo juu yake.

Wako waliozisoma khabari hizi wakakata hukumu moja: kila mwenye kuchukua fomu ni mwenye tamaa, na mcha Mungu ni yule akaaye msikitini. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Lau ingekuwa sahihi, basi mabaraza yote yangeachiwa wasio na khofu ya Mungu, na wacha Mungu wangebaki kulalamika nje ya mlango, kama wafanyavyo wengi, kisha wakaiita lalama yao jina la subira. Abu Dharr hakuambiwa kuwa utawala ni najisi. Aliambiwa kuwa yeye hauwezi. Mtume (S.A.W.) huyo huyo alimweka Attab bin Asid juu ya Makka, naye ni kijana wa miaka yapata ishirini, hali wazee walikuwako. Kwa hiyo mizani ni uwezo na uaminifu, wala si unyamavu.

Na dalili iliyo kubwa zaidi kwa wanaoruhusu ni ya Nabii Yusuf (A.S.), aliyemtaka mfalme wa Misri amweke juu ya khazina za nchi, akataja kuwa yeye ni mhifadhi na mjuzi. Wafasiri wamesema kuwa hilo lajuzu kwa ajuaye nafsi yake kuwa ataweza, naye akaona kuwa haki za watu zitapotea asipojitokeza. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), katika Ihya amepambanua vizuri: mwenye kutaka cheo kwa sifa asiyokuwa nayo amefanya haramu, kwani huo ni uwongo na hadaa; na mwenye kukitaka kwa sifa aliyonayo kweli, kama alivyofanya Yusuf, hana lawama kwa hilo. Hii ndiyo aya ipendwayo na wagombea. Pengine hawajui neno jingine la sura hiyo, lakini hilo hulijua.

Walakini wanaoitumia kama ngazi hawaisomi khabari tangu mwanzo wake. Yusuf hakuomba khazina siku alipofunguliwa mlango. Alikuwa amekaa gerezani miaka, kwa tuhuma ya uwongo. Mjumbe wa mfalme akaja kumwita, na mlango ukawa wazi. Nani asingetoka? Yeye alimrudisha mjumbe. Alitaka kwanza mfalme aulize khabari ya wale wanawake waliojikata mikono, yaani ile kesi ya zamani, ambayo watu wa mji walikwisha kuisahau, au walikwisha kuikubali kama ilivyosemwa. Wanawake wakaitwa, wakahojiwa, na mke wa bwana wake akakiri kwa kinywa chake. Hapo ndipo alipotoka, na baada ya kutoka ndipo alipoomba. Mtume wetu (S.A.W.) aliisifu subira yake hiyo, hata akasema kwa unyenyekevu kuwa lau yeye ndiye angalikaa gerezani muda ule, angalimwitika mjumbe.

Basi huu ndio mpango wa jambo: hesabu ya kale kwanza, khazina baadaye. Yusuf hakudai mtu mwengine achunguzwe kwa ajili ya kumshinda. Alidai ichunguzwe khabari yake yeye, hali ana njia ya kuikwepa. Na hili ndilo linalomtafautisha mwombaji na mwombaji. Wote wawili husema, "Mimi ni mhifadhi na mjuzi." Mmoja ameisha kuifungua daftari yake mbele ya watu, wa pili atumai kuwa mbio za safari zitawafanya watu wasiiulizie.

Achukuliwe diwani wa Kihesa, si mtu fulani aliyepo, bali mtu wa kukadiria. Amekaa katika baraza la halmashauri miaka kumi. Alipokuwamo, viwanja viligawiwa, vibanda vya soko vilipangishwa, fedha za madarasa zilikuja, na wananchi walichanga nguvu zao kwa mawe na mchanga. Huenda hakuiba hata senti. Lakini wako watu wenye maulizo. Mjane ana barua ya kiwanja ambacho sasa pana nyumba ya mtu mwengine. Wachuuzi walihamishwa wakaahidiwa kurudi. Mzee alichanga kwa ajili ya zahanati iliyosimama kwenye renta tangu mvua za mwaka juzi. Mtu huyu akiwa diwani, hao wote humvizia asubuhi mlangoni pake. Akipata ubunge, mlango huo huhama kilomita 260. Yaweza kuwa kila mmoja wao alikuwa na jibu, na jibu ni la haki; lakini halikutolewa. Na katika haki za watu, deni lisilojibiwa halifutwi kwa kupanda cheo. Toba yenyewe, wamesema maulamaa, haikamiliki katika haki ya mja mpaka irejeshwe kwake au asamehe.

Kwa hiyo mtu huyu, kabla ya kuichukua fomu, ana safari fupi zaidi ya kufanya: kuzunguka mtaa kwa mtaa katika kata yake, na kusema kwa sauti, hivi ndivyo viwanja vilivyogawiwa nilipokuwamo, na katika jamaa zangu waliopata ni hawa; hizi ndizo fedha zilizokuja, na hapa ndipo zilipokwama; mwenye neno aseme. Zoezi hilo ni chungu. Mpinzani atalitumia. Mwenye chuki ataongeza chumvi. Na Yusuf naye hakuwa na dhamana kuwa wale wanawake watasema kweli.

Atasema msemaji kuwa haya hayahitajiki, kwa kuwa sharia imekwisha kuweka wakaguzi. Ni kweli kwamba wamewekwa, na uwekaji huo ni mwema. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua kila halmashauri kila mwaka, na ripoti yake hupelekwa Bungeni, na Bunge lina Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa ya kuzitazama. Tena Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 humlazimu kiongozi kutoa tamko la mali zake na madeni yake. Jambo hili si geni kwa Waislamu. Wanahistoria wamesimulia kuwa Sayyidna Umar alikuwa akiiandika mali ya liwali kabla ya kumpeleka katika jimbo, na akirudi na ziada isiyoelezeka alikuwa akiigawa nusu kwa nusu, moja kwa liwali na moja kwa Baitul-Mali. Hakuwabagua hata masahaba wenye majina makubwa.

Lakini mkaguzi hukagua karatasi za halmashauri, na mjane wa Kihesa hamo katika karatasi. Mgogoro wake ni kwamba karatasi yake haikuingia. Tena pana jambo wachache hulitazama. Aliyekuwa diwani akiisha kuwa mbunge aweza kuketi katika kamati ile ile inayozihoji hesabu za halmashauri, miongoni mwao ile aliyotoka. Na mbunge wa jimbo, kwa sharia ya serikali za mitaa, ni mjumbe wa baraza la halmashauri iliyomo jimboni mwake. Basi mtu mmoja huweza kuwa aliyepitisha matumizi, na kuwa anayeyauliza, na kuwa shahidi wa katikati. Katika fikihi, kadhi hahukumu shauri lililo lake wala la mwanawe. Wanasiasa hawana katazo kama hilo lenye nguvu hiyo. Lililobaki ni dhamiri ya mtu, na dhamiri isiyofunguliwa daftari mapema huwa kadhi mpole sana.

Yabaki lile jambo ambalo katika kila uchaguzi hunuka kuliko yote, nalo ni takrima. Neno hili ni zuri kwa asili yake. Latokana na kukirimu, na kumkirimu mgeni ni katika mambo ya imani. Mwaka 2000 sharia ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa, ikatiwa ndani yake kwamba kitu kitolewacho kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa jadi hakitahesabiwa kuwa rushwa. Mlango ukafunguka. Sahani za pilau, kanga, fulana, pesa za "nauli", vyote vikaingia mlangoni vimevaa kilemba cha ukarimu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzao wakaenda Mahakama Kuu, na mwezi wa Aprili mwaka 2006 Mahakama ikatamka kuwa vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, yenye kuweka mipaka ya matumizi ya wagombea na vyama. Kilichokatazwa hakikutoweka. Kilibadilisha saa zake, kikawa cha usiku, na kikahamia zaidi katika kura za maoni za ndani ya vyama, mahali ambapo wapigaji ni wachache na kwa hiyo bei ya mmoja ni kubwa. Na kwa kuwa tangu mwaka 1992 Katiba haimruhusu mgombea asiye na chama, hata baada ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha kutoa hukumu mwaka 2013 kwamba katazo hilo lavunja haki, hapana njia ya kwenda Bungeni isiyopita katika chumba hicho.

Waungwana wa pwani wasiwacheke watu wa bara kwa hili. Aliyetaka ujumbe au udiwani wa Mrima katika zama za babu zao ilimlazimu alipe ada kwa wakubwa waliomtangulia na awafanyie watu karamu. Na asiyekuwa na ng'ombe wa kuchinja alibaki chini japokuwa ana akili ya Luqman. Watu waliiita hiyo desturi. Huenda ndiyo maana neno takrima halikuwashitua masikio: wengi walikwisha kulizoea katika jina jingine.

Mizani ya kupambanua ukarimu na rushwa imo katika khabari ya Ibn al-Lutbiyya. Huyu alipelekwa kukusanya zaka ya Bani Sulaym. Aliporudi akaigawa mali mafungu mawili, akasema kuwa hili ni la Waislamu, na hili amepewa yeye zawadi. Mtume (S.A.W.) alighadhibika, akauliza mbele ya watu: mbona hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake akatazama kama zawadi hizo zingemfikia? Suali hilo lafaa pia kugeuzwa upande wa pili. Mgombea aulizwe: lau pasingekuwa na uchaguzi, je, ng'ombe huyu angechinjwa Kihesa mwezi huu? Kama angechinjwa, kwa kuwa ni desturi yake kila mwaka kuwalisha jirani, basi ni ukarimu, na Mungu amzidishie. Kama asingechinjwa, basi nyama hiyo ina bei, na bei yake ni kura. Na Mtume amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wote pamoja.

Wote pamoja, hapo ndipo panaposahauliwa. Lawama yote hutupwa kwa mgombea, na mwenye kula pilau huondoka akijipangusa mdomo. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani, aliyefariki mwaka 1976, aliieleza kura kuwa ni ushahidi: mwenye kuipiga ashuhudia kuwa huyu anafaa kwa kazi hii. Ikiwa ndivyo, basi aliyeiuza kura yake ameuza ushahidi, na shahidi wa zuri anajulikana mahali pake katika madhambi makubwa. Hoja ya umaskini husikika, nayo si ya kudharauliwa. Mwenye njaa haulizwi kama aulizwavyo aliyeshiba. Lakini aghalabu wanaouza si wenye njaa. Ni wajumbe, wenye maduka na wenye kanzu zilizopigwa pasi.

Na khabari ya jimbo la Iringa Mjini, ilimo Kihesa, yaonyesha jinsi macho ya watu yavutwavyo upande mwengine. Mwaka 2010 kiti kilichukuliwa na Mchungaji Peter Msigwa wa CHADEMA, akakaa nacho miaka kumi. Mwaka 2020 kikachukuliwa na Bi Jesca Msambatavangu wa CCM. Na mwaka 2024 Msigwa mwenyewe akahamia CCM. Mazungumzo ya miaka yote hiyo yalikuwa ya bendera: nani ametoka wapi, nani amerudi wapi. Kubadilisha chama ni haki ya mtu, wala halihukumiwi hapa. Lakini mzee aliyechangia zahanati hana bendera ya kumjibu. Ana suala moja tu, na kila msafara upitapo, uwe wa kijani au wa rangi nyingine, humpungia mkono.

Wako pia wanaodhani kuwa kiti cha juu ni kipana, na mwenye kukipata hupata nafasi ya kunyoosha miguu. Iringa yenyewe ina mfano wa kuwajibu. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa yule Mkwawa aliyewashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, alikuwa mtawala wa Wahehe tangu mwaka 1940, na mwaka 1954 alikabidhiwa na Gavana Twining, pale Kalenga, fuvu la babu yake. Mwaka 1962 akawa Spika wa Bunge, akakishika kiti hicho hata mwaka 1994, isipokuwa baina ya 1973 na 1975. Mwaka uliofuatia kuingia kwake, yaani 1963, utawala wa machifu ulifutwa kwa sharia. Basi lililokuwa lake kwa nasaba liliondoka, na lililobaki ni kiti ambacho, kwa ajabu ya lugha, huitwa kiti cha msemaji, ilhali mwenye kukikalia ni yeye peke yake asiyeruhusiwa kuingia katika mabishano. Kwao Uhehe neno lake lilikuwa amri. Katika Bunge kazi yake ilikuwa kuwagawia wengine zamu ya kusema. Huo ndio upana wa kiti cha juu kwa anayekikalia kwa haki yake.

Atauliza muulizaji: ikiwa diwani wetu amefungua daftari yake mtaa kwa mtaa, hakutoa sahani hata moja, kisha akashindwa na mwenye pilau, je, hakuipoteza haki ya umma kwa ajili ya utakatifu wake? Suala hili ni gumu, na wako waliolijibu kwa kuruhusu kidogo kwa ajili ya maslaha. Jibu lao halina nguvu. Mwenye kuingia kwa kulipa ameingia na deni, na deni la uchaguzi hulipwa kwa mali isiyokuwa yake. Basi ile haki ya umma aliyodai kuiokoa ndiyo itakayokuwa ya kwanza kuuzwa. Ama aliyeshindwa, hakuna aliyemvua ujuzi wake wala uaminifu wake. Mjane wa kiwanja bado yuko jirani, na kumwandikia mjane barua hakuhitaji kuapishwa.

Katika khabari zilizopokewa juu ya Sayyidna Abubakar (R.A.) zimo mbili zinazomhusu mtu wa kata aliyepanda. Alikuwa akikaa Sunh, pembezoni mwa Madina, na alikuwa akiwakamia mbuzi wao watu wa mtaa wake. Alipobaiwa kuwa Khalifa, binti mmoja wa mtaani alisema kuwa basi sasa hatawakamia tena. Abubakar akasikia. Akajibu kuwa atawakamia, na kwamba atumai jambo aliloingia halitambadilisha tabia aliyokuwa nayo. Akaendelea kukama muda aliokaa huko, hali majeshi yanatoka kwa amri yake kwenda kupigana na walioritadi.

Na ya pili ni ya siku za kufa kwake. Alikuwa amekadiriwa posho katika Baitul-Mali, kwa kuwa Umar na Abu Ubayda walimkuta siku za mwanzo akienda sokoni na nguo begani kuuza, wakaona kuwa biashara na ukhalifa havipatani. Alipougua maradhi ya mauti aliamuru kitazamwe kilichozidi katika mali yake tangu aliposhika kazi, kipelekwe kwa atakayemfuata. Kilichopatikana ni mtumishi aliyekuwa akisaidia nyumbani, na ngamia wa kuchotea maji, na kipande cha nguo kilichochakaa. Vikachukuliwa vikapelekwa kwa Umar. Umar alipoviona vimewekwa mbele yake alilia hata machozi yakatiririka chini, akasema kuwa Abubakar amewataabisha mno watakaokuja baada yake. Kisha akaamuru vipokelewe, viingizwe katika Baitul-Mali.